Nyayo za Kiprop

Agosti 2008, hapa Mandawa wilayani Ruangwa, mikorosho ilikuwa imechanua na sote tulikuwa kwenye kupulizia. Jioni ya tarehe 19 tulirudi na salfa ya njano mpaka kwenye kope. Mjomba akaipangusa redio kwa kanga kuukuu, tukasikiliza fainali ya mita 1500 kutoka Olimpiki ya Beijing. Rashid Ramzi wa Bahrain akawa wa kwanza kwa dakika 3 na sekunde 32.94. Asbel Kiprop, kijana wa Kenya wa miaka 19, akawa wa pili kwa 3:33.11. Mjomba, ambaye mbio hizo kwake ni za Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, akasema hakuna aliyeifikia 3:32.2 ya Bayi huko Christchurch mwaka 1974. Akazima redio, betri zisiishe.

Nimerudi kuifuata njia ya Kiprop, maana haikuishia kwenye utepe.

Mwaka 2009 sampuli za Beijing zilizotunzwa zilipimwa upya, na ya Ramzi ikakutwa na CERA, aina ya EPO inayokaa mwilini muda mrefu. Figo zetu hutoa EPO, homoni inayouamsha uboho utengeneze chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Ukiishi Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe nyepesi huusukuma mwili kuzitengeneza. Wengine huzitafuta kwa sindano. Novemba mwaka huo Ramzi akavuliwa medali, na dhahabu ikawa ya Kiprop. Lakini wimbo uliopigwa uwanjani Beijing ulikuwa wa Bahrain. Wa Kenya haukusikika.

Kisha Kiprop akatamba. Bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015; Monaco, Julai 2015, alikimbia 3:26.69. Nani angedhani njia ya aliyedhulumiwa ingepita palepale?

Novemba 27, 2017 wapimaji walimfuata Iten. Majibu: EPO. Kiprop alikana, na anasema mmoja wa wapimaji alimpigia simu siku moja kabla, kisha akaomba pesa, naye akamtumia kwa simu. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha chenyewe kilikiri kwamba alipewa taarifa mapema, kinyume cha utaratibu. Hapa ndipo roho yangu inapouma. Sheria inamtaka mwanariadha awajibike kwa kilichomo mwilini mwake, na naikubali. Lakini mpimaji anayebisha hodi kwa simu jana yake anamwibia hata yule asiyewahi kugusa sindano, kwa sababu ngao yake pekee ni kipimo kinachoaminika.

Aprili 2019 alifungiwa miaka minne kuanzia Februari 2018. Kifungo kilipoisha alikuwa na miaka 32, na miaka iliyopotea ilikuwa ya nguvu zake. Dhahabu ya Beijing bado ni yake.

Msimu uliopita nilimsimulia mjomba yote haya chini ya mkorosho. Alinyamaza kitambo, akauliza: "Na wa nne?"

Wa nne alikuwa Mehdi Baala wa Ufaransa. Jioni ile, wakati sisi tunanawa salfa kwenye ndoo, yeye alitoka uwanjani mikono mitupu. Shaba yake ilimfikia baada ya Ramzi kuondolewa.