Msumeno Mwembamba, Nakshi ya Mbao na Adabu ya Faragha



Kijana akionekana barazani baada ya Alasiri, ana kipande cha ubao mkononi na msumeno mwembamba kama uzi, anakata majani na nyota, mpita njia hakosi kusema: "Huyo anacheza tu. Angekuwa na kazi asingeshughulika na vipambo." Maneno haya tumeyazoea huku Mazingara, na yanasemwa Handeni na Korogwe, na hata huko pwani ambako milango ya nakshi ingali imesimama. Makala haya yamekusudia kuyajibu kwa ushahidi wa tarikh. Kwani hicho tukiitacho mchezo ni tawi la sanaa iliyojenga mimbari na majumba yetu, na umma ukiiacha mikono yake isahau, huja siku ukaihitaji sanaa hiyo na usimpate wa kuifanya.

MBAO KATIKA TARIKH YETU

Waislamu hawakuijua kazi ya mbao jana wala juzi. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akihutubu ameegemea gogo la mtende, kisha akatengenezewa mimbari ya ngazi tatu kwa mbao za mti uitwao athli, kutoka Ghaba, karibu na Madina. Aliyeichonga hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa seremala, mtumishi wa mwanamke mmoja wa Kiansari. Imepokewa vilevile kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, na kwamba Nabii Daudi (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Basi mwenye kuidharau kazi ya mkono na atazame ni akina nani anaowadharau.

Kutoka katika ngazi tatu zile sanaa ilikua. Katika msikiti mkuu wa Kairouan, nchini Tunisia, ingalipo mimbari ya mbao za msaji iliyotengenezwa yapata mwaka 248 Hijria, yaani 862 Miladia. Ina vibao vya nakshi zaidi ya 300, nayo ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia. Huko Andalusia, katika mji wa Córdoba, mwaka 532 Hijria (1137) mafundi walianza kazi ya mimbari nyingine kwa amri ya Ali bin Yusuf, mtawala wa Murabituni. Walikata vipande vidogo vidogo vya mbao za rangi mbalimbali na vya mfupa, wakavipanga hata vikawa nyota zilizofungamana. Mimbari hiyo imehifadhiwa Marrakesh hadi leo.

Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatukuwa nyuma. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti ya watu wake ni ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Katika karne ya 19 mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa mafundi wa mbao, mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu. Mwandishi wa msahafu na mchonga mlango waliishi mji mmoja, kila mmoja akijua kwamba mstari ukipinda kazi imeharibika. Viti vya enzi navyo vilitiwa njumu za pembe au mfupa juu ya mbao nyeusi. Kule Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na milango yake ikachongwa aya za Qur'ani. Pangani pia, mji wetu wa jirani ambako misafara ya bara ilianzia, ilikuwa na milango yake ya nakshi.

NAKSHI YA PATASI NA NAKSHI YA MSUMENO

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nakshi ya patasi humomonyoa uso wa ubao bila kuutoboa, na hiyo ndiyo nakshi ya milango. Nakshi ya msumeno huutoboa ubao, ukapita mwanga na upepo. Anayetaka kuiona na aende Unguja, barabara ya Mizingani, alitazame jumba la zahanati ya kale. Tajiri Tharia Topan aliliwekea msingi mwaka 1887, akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na kazi ikamalizika mwaka 1894. Roshani zake zina vibao vilivyokatwa kama kitambaa kilichodariziwa, kazi yenye mtindo wa Kihindi. Jumba lile lilichakaa sana, likafanyiwa matengenezo makubwa katika miaka ya 1990.

Je, vibao vile vilikuwa vipambo tu? La hasha. Ubao wenye matundu huzuia jua kali na kuruhusu upepo wa bahari. Aliye ndani huona njia, na aliye njiani hamuoni aliye ndani. Kwa hiyo ulikuwa ni kivuli, ni kipepeo, na ni sitara ya watu wa nyumbani, vyote katika kipande kimoja cha mbao. Mafundi wetu waliuza uzuri na manufaa kwa bei moja.

Ama huo msumeno wenyewe, uzi wake mwembamba wa chuma ulipata kujulikana Ulaya katika karne ya 16. Fundi mashuhuri wa Ufaransa, André-Charles Boulle (1642–1732), alikuwa na hila nzuri. Aliweka bamba la shaba juu ya bamba la gamba la kasa, akayakata yote mawili kwa pamoja, kisha kipande kilichotoka katika bamba hili akakitia katika tundu la bamba lile, kikakaa sawasawa bila mwanya. Katika miaka ya 1870 kiwanda cha ndugu wawili wa ukoo wa Barnes, katika mji wa Rockford nchini Marekani, kiliuza mashine za msumeno huu zilizoendeshwa kwa miguu kama cherehani. Uingereza nako likatoka mwaka 1895 gazeti la kila wiki lililowapa wasomaji vielelezo vya kukata. Hivyo kazi ya mafundi wakubwa ikaingia majumbani, ikawa shughuli ya jioni ya karani, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Baadaye umeme ukachukua nafasi ya miguu.

MIMBARI ILIYOUNGUA

Sasa, ndugu msomaji, natufike katika kiini cha maneno yetu. Mwaka 564 Hijria (1168–1169) Sultani Nuruddin Zengi aliamuru mafundi wa Aleppo watengeneze mimbari kwa ajili ya msikiti wa al-Aqsa, nao mji wa Baitul Muqaddas ulikuwa bado mikononi mwa Wasalibi. Alifariki mwaka 1174 bila ya kuiona siku aliyoitaraji. Salahuddin alipoukomboa mji mwaka 1187, aliichukua mimbari ile akaipeleka mahali pake. Ikakaa hapo karibu miaka 800.

Tarehe 21 Agosti 1969 mtu mmoja kutoka Australia aliingia msikitini akaitia moto. Vilisalia vipande vichache tu. Ulimwengu wa Kiislamu ulilia, na ikawa azma ya wengi kutengeneza nyingine mfano wake. Hapo ndipo ulipoonekana msiba wa pili. Mimbari ile ilikuwa imeungwa kwa vipande vinavyoshikana vyenyewe, kila kipande kikiingia ubavuni mwa mwenzake, bila msumari wala gundi. Mali ilikuwapo na mbao zilikuwapo, lakini mikono iliyozoea kazi ile haikuwapo tena. Ilibidi wataalamu wazichunguze picha za kale na mabaki ya moto, waisome upya hesabu ya nyota na pembe zake, na wakusanywe mafundi kutoka nchi mbalimbali, Uturuki na Indonesia zikiwamo, wafanye kazi nchini Jordan. Vipande zaidi ya 16,000 vilikatwa na kuungwa. Mimbari mpya ilisimamishwa al-Aqsa mwaka 2007, yaani miaka 37 na kitu baada ya moto ule.

Hebu tuzingatie. Mbao zilitekeza kwa moto wa siku moja. Ujuzi ulikuwa umekwisha polepole kwa muda wa vizazi, wala hakuna aliyesikia harufu ya moshi. Kila mzee aliyekufa bila mwanafunzi aliondoka na sehemu yake.

Nasi hatuko mbali na hayo. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, lakini orodha haizuii paa kuvuja wala mchwa kula. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jumba kama hilo likitaka kurudishwa hali yake, wanatakiwa watu wanaojua kusoma nakshi ya kale na kuikata upya. Kweli, leo zipo mashine zinazoongozwa na kompyuta, zinakata ubao kwa dakika chache. Lakini mashine hufuata mchoro iliyopewa. Haiwezi kutazama kibao kilicholika nusu ikatambua nusu nyingine ilikuwaje. Hilo hufanywa na mtu aliyewahi kukata kwa mkono wake.

VYOMBO NA KAZI ZA KUANZIA

Basi atakaye kumwanzisha mwanawe haimlazimu kununua mashine. Vyombo vya mkono vyatosha: msumeno wa fremu iliyopinda kama upinde, na nyuzi zake za akiba kwa kuwa hukatika, keekee ya kutobolea, bikari na rula za kuchorea, tupa ndogo, jiriwa ya kubania, na msasa. Msasa wenyewe una tarikh. Karatasi tunayonunua dukani imerithi jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani walilainishia mbao kwa majani hayo.

Namna ya kukata ni hii. Chora nakshi juu ya ubao mwembamba. Toboa kwa keekee kila mahali panapotakiwa kuwa wazi. Fungua ncha moja ya uzi wa msumeno, uupitishe katika tundu, uufunge tena na kuukaza. Meno yaelekee chini, ili ukivuta chini ndipo ukate. Laza ubao juu ya kibao kidogo chenye pengo kama mkia wa mbayuwayu, kilichobanwa ukingoni mwa meza. Kisha tulia. Usiusukume msumeno, ugeuze ubao taratibu, msumeno ubaki mahali pake. Mwenye haraka hukata uzi, na mwenye hasira huvunja ubao.

Kazi ya kwanza iwe herufi za Kiarabu, alifu hata yee, zote 28. Mtoto aliyeikata herufi ya jimu na kuipitisha vidole hasahau tumbo lake liko wapi, na seti moja yatosha kufundishia chuo kizima. Kazi ya pili iwe kibao cha matundu cha kuwekwa juu ya dirisha. Kazi ya tatu, ya aliyekwisha kukomaa, ni marufaa ya msahafu. Marufaa ya kale hutoka katika ubao mmoja tu. Fundi huchonga maungio katikati ya ubao kama vidole vilivyopishana, kisha huupasua ubao kwa unene wake kutoka ncha mbili mpaka kwenye maungio hayo. Ukiufungua, ubao mmoja umekuwa mbawa mbili zilizoshikana, bila bawaba wala msumari. Atakayeifanya kazi hiyo mara moja ataelewa mafundi wa Aleppo walikuwa watu wa namna gani.

ADABU ZAKE

Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi huzipoteza kwa hasara. Kazi hii ni ya faragha, basi nayo ina mipaka yake. Adhana ikilia, msumeno na uwekwe chini. Masomo na kazi ya kumsaidia mama visiachwe kwa sababu ya nyota za mbao.

Pili, mti usikatwe kwa ajili ya kipambo. Misitu yetu ya Handeni imepungua, na mninga na mpingo havioti kwa siku mbili. Ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kabla ya sheria hiyo ipo amana ya Mwenyezi Mungu. Kazi hii ina baraka kwamba haihitaji gogo. Katika karakana za maseremala wetu mabaki ya vitanda na milango huishia jikoni kuwa kuni. Mwombe fundi kabla hajayachoma, umlipe au umsaidie kufagia.

Tatu, tuyalinde maneno matukufu. Aya isikatwe juu ya kiti kikaliwacho wala mahali pa kukanyagwa, wala isipindwe mpaka isisomeke. Wazee wetu walijiepusha na sura za viumbe, wakazama katika majani, minyororo na nyota, na humo wakapata bahari isiyokauka.

Nne, mwili nao una haki yake. Unga wa mvule na wa mpingo huwasha ngozi na kuudhi kifua. Kazi ifanywe penye upepo, na pua ifungwe kitambaa.

Tano, anayejua na afundishe. Wala isidhaniwe kuwa kazi hii ni ya wavulana peke yao. Haitaki nguvu za mikono, yataka subira, na subira binti zetu wanayo. Kila mji ukipata vijana wawili watatu wanaojua kukata na kuunga, siku jumba la msikiti litakapohitaji mkono hatutatuma watu kuutafuta ng'ambo.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya watoto wetu, na atujaalie tuwaachie ujuzi kabla hatujawaachia mali. Wabillahi tawfiq.