Wachimba Gumegume wa Norfolk

Jimboni Norfolk, mashariki mwa Uingereza, karibu na mji wa Brandon, kuna uwanda wa nyasi uliojaa mabonde madogo ya mviringo, zaidi ya 400. Mahali hapo panaitwa Grime's Graves. Jina hilo limetokana na Grim, jina jingine la mungu Woden wa Waanglo-Saksoni, ambao walipofika waliyakuta mabonde hayo tayari yamezeeka. Baadaye wapo waliodhani ni mabaki ya kambi ya kijeshi.

Aliyefumbua fumbo hilo ni kasisi William Greenwell. Kati ya mwaka 1868 na 1870 alichimbua shimo moja tu. Lilikuwa limefukiwa kifusi hadi juu, naye akakitoa mpaka akagusa sakafu, mita 12 hivi chini ya ardhi. Huko akakuta njia nyembamba zimetobolewa kwenye mwamba wa chaki kuelekea kila upande. Yalikuwa machimbo ya gumegume, ya watu wa Enzi ya Mawe Mapya.

Gumegume ya hapo imelala kwa matabaka. Wachimbaji walilipita tabaka la kwanza, wakalipita la pili, wakaendelea kushuka hadi la chini kabisa, lenye mawe makubwa, meusi, yanayochongeka vizuri. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika machimbo haya. Jiwe la kutosha kwa kisu au kikwaruzo lingepatikana kwa jasho dogo zaidi. Wao walitaka lililo bora, na wakakubali kulifuata gizani, wakitambaa kwa magoti na viwiko.

Zana yao kuu ilikuwa sururu ya pembe ya ayala. Pembe nyingi ziliokotwa baada ya wanyama kuziangusha zenyewe. Fundi alikata matawi ya pembe, akaacha moja karibu na shina liwe jino la sururu. Jino lilichomekwa kwenye ufa wa chaki, likapigwa kwa nyuma, kisha mpini ukatumika kama mtaimbo kubandua bonge. Sururu nyingi bado zina majeraha ya kupigwa huko. Greenwell alipata pia shoka la jiwe lililong'arishwa, na kutani mkawa na alama za makali yake.

Katika njia mojawapo paa lilikuwa limeporomoka katikati. Alipouondoa mporomoko huo alikuta nyuma yake sururu mbili zimelazwa chini, mipini ikielekea mlangoni na meno yakielekeana. Aliona kwamba wachimbaji wawili waliziweka pale mwisho wa kazi, wazikute kesho, lakini paa likawahi. Chaki iliyogandamana kwenye mipini ilikuwa bado na alama za vidole vya walioishika. Hakuna dhahabu iliyowahi kufukuliwa inayoweza kumleta mtu wa kale karibu nasi namna hiyo.

Wengine walitafuta makubwa zaidi. Mwaka 1939 A. Leslie Armstrong alitangaza kwamba katika shimo namba 15, ambalo gumegume yake ilikuwa haba, amepata kisanamu cha chaki cha mwanamke mjamzito, akakiona kuwa ni mungu aliyeombwa neema ya mawe. Wanaakiolojia wengi wanashuku kwamba kilighushiwa, nami nawaunga mkono: hakina mwenzake wa kuaminika katika machimbo yote hayo, na hoja iliyojengwa juu yake haina mguu wa pili.

Miaka ya 1970 uchimbuaji ulirudi kwa nguvu, kwanza chini ya Roger Mercer, kisha chini ya Makumbusho ya Uingereza. Sasa swali lilikuwa pana: kifusi kilitupwa wapi, mawe yalichongwa wapi, shimo moja lilifukiwa lini na jingine kufunguliwa? Ilionekana kwamba chaki ya shimo jipya ilimwagwa katika shimo lililokwisha, jambo lililopunguza kazi ya kuipandisha na kuibeba mbali. Pembe nazo, kwa kuwa zilitoka kwenye kiumbe hai, zilipimwa kwa kaboni mnururisho, zikaonyesha kwamba uchimbaji ulishamiri kuanzia kama mwaka 2650 KK. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, watu wa Enzi ya Shaba walikuwa wakitupa mifupa ya ng'ombe wao katika mashimo yaliyobaki nusu wazi.