Sumu haipotei, hubadilisha nguo tu

Jumapili jioni tulikuwa Mama Ngina, madafu na mihogo ya pilipili mkononi, twatazama meli zaingia Kilindini. Rafiki yangu akasema, "Sumu ikimwagwa, bakteria wataila tu. Tulia." Sikutulia. Nikaenda kuchimba historia.

1817, Mswidi Jöns Jacob Berzelius aligundua elementi mpya, akaiita seleniamu, kutokana na jina la Kigiriki la mwezi. Mwili waihitaji kiasi kidogo mno. Ikizidi ni sumu. California waliona 1983: kwenye mabwawa ya Kesterson, maji yaliyotiririka kutoka mashambani yalibeba seleniamu, na vifaranga wa ndege wakatoka na vilema, wengine bila macho.

Kutoka maji ya bonde hilohilo, San Joaquin, wanasayansi wakampata bakteria mmoja, wakamtangaza rasmi 1993: Thauera selenatis. Huyu huitumia selenati, aina ya seleniamu iliyoyeyuka majini, kupumua kama sisi na oksijeni. Bakteria wengine huiingiza kwa kudanganyika: selenati yafanana na salfeti wanayoihitaji, basi hupita mlango ule ule. Ndani, selenati hugeuzwa kuwa seleniti, halafu seleniti kuwa chembe nyekundu za seleniamu tupu. Hizo haziyeyuki majini, na sumu yake ni ndogo zaidi.

Kazi safi, sikatai. Lakini mwaona? Haijaliwa ikaisha. Iko pale pale kwenye tope, na hali ya tope ikibadilika yaweza kuyeyuka tena.

Sasa turudi kwetu. Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya madini ya risasi kati ya 2007 na 2014. Risasi nayo ni elementi. Hakuna mdudu wa kuimaliza. Waliosimama ni watu: Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, na wakaazi wenzake. 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Miaka yote hiyo ya kupigana, na watoto wazidi kukua na sumu mwilini.

Kwa hivyo mtu akikwambia maumbile yatajisafisha yenyewe, muulize swali moja tu: yataipeleka wapi?