Mreno Kwao: Pwani ya Ureno na Watu wa Mashua



Mreno tumjuaye katika taaluma zetu ni Mreno wa ngome. Twamkuta Kilwa mwaka 1505, twamkuta Mombasa akianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na twaagana naye ngome hiyo ilipotwaliwa na Waomani mwaka 1698, nikiliacha lile rejeo lake fupi la 1728. Tukiulizwa alitoka wapi, twajibu "Ureno", kana kwamba Ureno ni gati moja kubwa. Leo naomba tumtembelee kwao.

Pwani yake haina ukarimu. Kuanzia mlango wa mto Minho, kaskazini, hadi rasi ya São Vicente, inaielekea Atlantiki bila kinga. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja mawimbi, wala kusi na kaskazi za kumwambia nahodha lini atweke na lini arejee. Bandari za asili zilizo salama ni chache: Lisbon katika mto Tejo, Setúbal katika Sado. Hata Douro, mto wa Porto, ulikuwa na fungu la mchanga mlangoni lililoangamiza vyombo vingi. Ndiyo maana misafara ya mfalme iliondoka Lisbon, ilhali wavuvi wengi waliishi kwingine, kwenye fukwe tupu. Mji wa Nazaré haukuwa na bandari hadi miaka ya 1980. Kabla ya hapo mashua zilipenya katikati ya mawimbi, na zamani ziliburutwa mchangani kwa ng'ombe.

Upande wa kusini, Algarve, bahari ni pole zaidi, na visiwa vya mchanga vya Ria Formosa vinaikinga pwani kwa namna ambayo mtu wa Lamu angeitambua. Wavuvi wa Olhão ndio waliovuka Atlantiki mwaka 1808 kwa mashua yao, Bom Sucesso, kupeleka Rio de Janeiro habari kwamba Wafaransa wamefukuzwa.

Lakini jamii inayostahili kutuchelewesha ni ile ya Póvoa de Varzim, kaskazini mwa Porto. Wavuvi wake, kwa mila, hawakuoana na wakulima waliokuwa jirani zao. Wengi hawakujua kusoma, nao walikuwa na alama za ukoo zilizoandikwa kwenye mashua, nyavu, milango na makaburi. Kila mtoto wa kiume aliichukua alama ya baba kwa kuiongezea mkwaju mmoja au zaidi, kufuatana na kuzaliwa kwake, isipokuwa kitindamimba. Huyo aliirithi ikiwa tupu, kwa kuwa ndiye aliyetarajiwa kuwatunza wazee. António dos Santos Graça, aliyezichunguza alama hizo, alizieleza katika kitabu chake *O Poveiro* cha mwaka 1932.

Mvuvi alipooa, aliichonga alama yake kwenye *mesa* ya chumba cha padri, ndani ya *igreja*, yaani kanisa. Naomba tuyasikilize maneno hayo mawili. Kwetu yamekuwa meza na gereza. La kwanza lilipata makao mema nyumbani mwetu; la pili liliingia ngomeni, likatoka na minyororo. Kamusi hutupa asili yake na kunyamaza, na mimi naona hapo ndipo mwanahistoria angepaswa kuanza kusema.

Lipo na la tatu: *lenço*, kitambaa cha kichwani, ambacho ndicho leso yetu. Katika pwani ile mjane hujitanda cheusi. Tarehe 27 Februari 1892 dhoruba iliwakuta baharini wavuvi wa Póvoa na wa Afurada, wakafa watu 105.

Hasara za namna hiyo ni za kale zaidi. Vasco da Gama mwenyewe alizaliwa Sines, mji mdogo wa wavuvi. Aliporudi kutoka India, baada ya takriban miezi mitatu ya kuvuka bahari, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Walifika Malindi Januari 1499. Siku chache baadaye, wakiwa njiani kuelekea kusini, waliichoma moto merikebu *São Rafael*, iliyokuwa ikiongozwa na Paulo, nduguye Vasco, karibu na pwani ya Tanga. Haikuwa imevunjika. Watu wa kuiendesha ndio hawakutosha.