Mji Uliojengwa Kuwa Mlango

Wenzangu wa kalamu, hadithi nyingi tunazoandika sisi vijana zina njia moja: kijana anapanda basi kwenda Nairobi, Nairobi inammeza. Sawa, hutokea. Lakini huko alikotoka tunapaandika kama stendi tu, mahali pa kuondokea. Mimi ni wa Kisumu. Nina riwaya kichwani iliyokataa kuanza mpaka nijue mji huu ulifikaje hapa ulipo, basi nikaweka kalamu chini kwanza, nikasoma na kuuliza wazee.

Ukiuliza hapa mjini kwa nini viwanda vilikufa, jibu ni moja: siasa. Tulikuwa upinzani, tukanyimwa. Sitaki kulipuuza jibu hilo. Oktoba 1969 risasi zilipigwa hapa Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali, na watu wakafa. Hilo halifutiki. Lakini siasa ya upinzani haiwezi kueleza yaliyotokea mwaka 1931, na hapo ndipo naomba unifuate.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda. Ilipofika ziwani Desemba 1901, kumbe ilikuwa imefika Uganda kweli! Mpaka ulihamishwa mwaka 1902, na sehemu zetu hizi zikaingizwa katika nchi ambayo baadaye ikawa Kenya. Kituo kikaitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Wenyeji walikuwa na lao, Kisumu, na wazee hulieleza kuwa ni pahali pa kubadilishana vyakula. Yaani kabla ya reli watu walikuja hapa kwa ajili ya hapa. Reli ilikuja kwa ajili ya ng'ambo.

Mji ukajengwa kama mlango. Mzigo wa Uganda ulivuka ziwa, ukapakiwa kwenye mabehewa, ukashuka pwani. Na meli zenyewe, hebu fikiria, ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa hapa, zikaungwa upya. Ndivyo ilivyokuwa kwa William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, reli ikiwa bado njiani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Victoria mwaka 1960, na kwa Uhuru na Umoja, zile feri za kubeba mabehewa, katikati ya miaka ya 1960. Jaduong' mmoja wa mtaani kwetu alifanya kibarua gatini ujana wake. Ananiambia kila bamba lilikuja na namba yake, na ukikosea namba fundi mkuu hakuulizi mara mbili. Anaionyesha mikono yake anaposimulia, kama vile chuma bado kiko pale. Jina la Florence limo vitabuni kwa sababu alipigilia msumari wa mwisho. Waliofunga zile bolti zote hawamo.

Sasa 1931. Mwaka huo reli iliyopita Nakuru, Eldoret na Tororo ilifika Kampala. Mzigo wa Uganda haukulazimika tena kupita kwetu. Hakuna aliyetuchukia, hakuna chama, hakuna kura. Njia fupi ya chuma ilipatikana, basi. Mlango wa kwanza ukarudishwa nusu.

Wa pili ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mpaka mwaka 1983. Meli tulizoziunga hapa zikagawanywa kama mali ya marehemu: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Meli ya ziwa la nchi tatu unaigawaje?

Mwaka huohuo wa 1977 ulianzishwa mradi wa kiwanda cha molasi, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kuzalisha chochote. Ukafufuliwa katika miaka ya 2000. Hapo siasa imo tele, sibishi. Lakini Kicomi, kiwanda cha nguo ambacho kila nyumba ya mji huu ilikuwa na mtu wake, kilinyamaza katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamwagika. Viwanda vya nguo vilikufa wakati huo hata kwenye miji iliyokuwa kipenzi cha serikali. Kiwanda cha bia kikafungwa mwaka 1999. Magugumaji nayo yalikuwa yamejaa ghuba nzima, na waliokuwa wakingoja king'ora cha kiwanda wakaingia jua kali au wakapanda baiskeli za boda boda kubeba abiria.

Mwaka 2001 tukaitwa jiji. Mabehewa ya abiria yalikuja kukoma, yakarudi Desemba 2021. Kiwanda cha bia kilifunguliwa tena mwaka 2019, na mwisho wa mwaka huohuo Uhuru ilikarabatiwa ikaanza tena kazi.

Nilimwuliza jaduong' kama alifurahi kuiona ikielea. Akaniuliza imebeba nini. Nikamwambia mafuta, yanakwenda Uganda. Akacheka sana, kisha akanituma nimletee miwani.