Kristo kuchukua dhambi (mafundisho ya walokole wa Bukoba na Muleba)

Ni fundisho la Kikristo kwamba Yesu, asiye na dhambi, alijitwika hatia ya wanadamu na kuifia msalabani, ili wao wahesabiwe haki. Hutegemea hasa Isaya 53, Yohana 1:29, 2 Wakorintho 5:21 na 1 Petro 2:24. Huko Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, lilisikika kwa nguvu mpya kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuingia Buhaya, nchi ya Wahaya, mwishoni mwa muongo huo.

Walutheri wa Buhaya, ambao wamisionari wa shirika la Bethel waliwafikia mwaka 1910, walikuwa nalo tayari katika katekisimu. Walokole, yaani watu wa Uamsho huo, walilitoa kwenye kukariri tu na kulifanya ushuhuda. Mtu alisimama mbele ya ushirika akaitaja dhambi yake waziwazi: fedha alizoiba, uzinzi, chuki dhidi ya nduguye juu ya kibanja, yaani shamba la nyumbani. Akashuhudia kwamba damu ya Yesu imemsafisha, nao wakampokea kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu. Kisha alikwenda kumrudishia mwenye mali mali yake. Hapa ndipo wengi huwaelewa vibaya. Kurudisha hakukuwa malipo kwa Mungu, kwa kuwa deni hilo lilikwisha kulipwa msalabani. Alirudisha kwa sababu aliyesamehewa hana tena la kuficha, na hali hiyo waliiita kutembea nuruni.

Tena undugu wa damu haukuwa jambo geni kwa Wahaya. Katika omukago, watu wawili walitafuna buni zilizopakwa damu ya kila mmoja wao, na tangu siku hiyo shida ya mmoja ikawa ya mwenzake. Mlokole alipomwita ndugu mtu wa ukoo mwingine, kwa sababu wote wameoshwa kwa damu moja, wasikilizaji walijua uzito wa neno hilo. Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashasha na mtu wa Uamsho, aliyefanywa askofu mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977, aliandika juu ya kanisa na ukoo katika kitabu chake cha 1974, Church, Clan and the World.

Wakatoliki wa eneo hilo, ambao Laurean Rugambwa aliwaongoza akiwa askofu wa Rutabo tangu 1953, hufundisha sadaka hiyohiyo ya msalaba, ila maungamo yao hubaki siri kati ya mwenye kutubu na padre.