Redio za Bujumbura: thamani iliyoteketea Mei 2015

Februari 19, 2015, maelfu ya watu walijipanga kando ya barabara inayoteremka kutoka Muramvya hadi Bujumbura. Walikuwa wakimsubiri mkurugenzi wa redio. Bob Rugurika wa Radio Publique Africaine, RPA, alikuwa ameachiwa kwa dhamana ya faranga milioni 15 baada ya kukaa gerezani karibu mwezi mzima. Alikamatwa Januari 20, kituo chake kilipokwisha kurusha ushuhuda wa mtu aliyedai kushiriki katika mauaji ya watawa watatu wa Kiitalia, waliouawa katika mtaa wa Kamenge, Bujumbura, Septemba 2014.

Kabla ya miezi mitatu kutimia, jengo la RPA lilikuwa limeshambuliwa na kuteketea.

Ili kuelewa kilichopotea, inabidi kurudi nyuma miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, Burundi iliingia vitani, na mwaka uliofuata kituo cha RTLM cha nchi jirani ya Rwanda kilidhihirisha jinsi redio inavyoweza kuchochea mauaji. Mwaka 1995 shirika la Marekani la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura. Waandishi Wahutu na Watutsi waliketi chumba kimoja, wakatoka pamoja kwenda kutafuta habari katika mitaa ambayo vita vilikuwa vimeigawa. Humo ndimo ulimozaliwa mchezo wa redio ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani, Wahutu na Watutsi, ukafuatiliwa nchi nzima.

Vituo binafsi vikafuata kimoja baada ya kingine. Mwaka 1996 ilianza Radio Umwizero kwa fedha za Ulaya, nayo baadaye ikawa Bonesha FM. Mwandishi wa habari Alexis Sinduhije alianzisha RPA mwaka 2001 na kuwaajiri hata wapiganaji wa zamani wa pande zote mbili. Mwaka 2002 waandishi waliotoka Studio Ijambo walianzisha Isanganiro, kisha Innocent Muhozi akaja na Renaissance.

Vituo hivi vilishindana, lakini vilijua pia kuungana. Katika uchaguzi wa 2005, na tena wa 2010, viliweka waandishi wao pamoja na kurusha matangazo ya pamoja kutoka mikoani, ili mwananchi popote alipo apate matokeo yaleyale kwa wakati uleule. Kwa nchi iliyotoka vitani, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko utajiri wa kituo chochote.

Maana utajiri haukuwapo. Soko la matangazo ya biashara Burundi ni dogo, na sehemu kubwa ya bajeti za redio hizi ilitoka kwa wafadhili wa nje. Hakuna tajiri aliyepigania kununua RPA. Thamani yake ilikuwa kwa wasikilizaji: fundi wa gereji wa mtaa wa Buyenzi aliyeweka redio juu ya benchi la kazi, ikasikika kwake, kwa mteja wake na kwa mpita njia, yote kwa bei ya betri.

Serikali nayo iliijua thamani hiyo. Hassan Ruvakuki, mwandishi wa Bonesha na wa idhaa ya Kiswahili ya redio ya Ufaransa, RFI, alikamatwa Novemba 2011 baada ya kuripoti kuhusu kundi jipya la waasi, akahukumiwa kifungo cha maisha Juni 2012. Rufaa ilikipunguza kuwa miaka 3, naye akaachiwa Machi 2013. Juni mwaka huohuo ilitiwa saini sheria ya habari iliyobana zaidi, na chama cha waandishi wa habari kikaipeleka katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha.

Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza Aprili 26, 2015, redio ziliyatangaza moja kwa moja kutoka mitaani. Matangazo hayo yakapigwa marufuku, mitambo ya kuzifikisha mikoani ikazimwa, na kesho yake RPA ikafungwa. Mei 13, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kwamba amempindua rais, na sauti yake ikapita kwenye redio binafsi. Rema FM, iliyo karibu na chama tawala cha CNDD-FDD, ilivamiwa na kuharibiwa. Mapinduzi yalipoanza kushindwa, zamu ikawa ya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance. Mei 15, redio hizo zikiwa zimenyamazishwa, majaji wa Arusha waliamua kwamba vifungu kadhaa vya ile sheria ya 2013 vinakiuka mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwingineko redio za miji mikubwa zimeshuka thamani kwa njia nyingine kabisa. Marekani ililegeza sheria ya umiliki mwaka 1996, kampuni zikakopa mabilioni ili kununua vituo, kisha wasikilizaji na watangazaji wa biashara wakahamia intaneti. Kampuni ya redio ya iHeartMedia ilifilisika Machi 2018 ikiwa na deni la takriban dola bilioni 20. Mwaka 2019 kampuni ya Cumulus iliuza kituo cha WPLJ cha New York pamoja na vituo vingine vitano kwa dola milioni 103.5 tu. Hasara hizo zilihesabiwa, zikaandikwa vitabuni, na kila mdai akajulikana.

Bujumbura hesabu ya namna hiyo haikufanyika. Gharama ilihamia kwa waandishi waliokimbilia uhamishoni, na kwa msikilizaji mwenyewe. Waliofika Kigali walianzisha Inzamba na Humura, wakarekodi habari na kuzisambaza kwa intaneti na WhatsApp. Waliobaki wakaanzisha SOS Médias Burundi kwenye mitandao ya kijamii. Ujasiri wao ulikuwa mkubwa, lakini habari iliyokuwa bure hewani sasa ilihitaji simu ya kisasa, vocha ya intaneti na tahadhari ya kusikiliza kwa visikizio. Mkulima wa Cankuzo, mashariki mwa nchi, mwenye redio ndogo ya betri aliachwa nje.

Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi Februari 2016, baada ya kutia saini ahadi kuhusu namna zitakavyotangaza. Septemba 2017 baraza la habari, CNC, lilifuta leseni za RPA, Bonesha na Renaissance. BBC na Sauti ya Amerika, VOA, zilifungiwa mwaka 2018. Bonesha iliruhusiwa kurudi hewani Februari 2021, Rais Évariste Ndayishimiye alipoagiza mazungumzo na vyombo vilivyofungwa, na BBC ikaruhusiwa tena mwaka 2022.

Mlango huo haukufunguka kwa wote. Mwezi uleule Bonesha iliporuhusiwa, ilitangazwa kwamba Mahakama ya Juu imewahukumu watu 34 kifungo cha maisha, bila wao kuwapo, kwa jaribio la mapinduzi. Rugurika na Muhozi wamo. Machi 2021, Rwanda ilipokuwa ikipatana na Burundi, redio za uhamishoni zilitakiwa kusitisha matangazo kutoka Kigali. Mchezo wa Sibazuri na matangazo ya pamoja ya 2005 yanathibitisha kwamba waandishi wa Burundi wanaiweza kazi hii. Wanachodai kwa serikali ni hukumu hizo zifutwe, na leseni zitolewe bila sharti la kunyamaza.